Nilikata Jina la Mtu Kwenye Picha, Sasa Naenda Makatumbe

Wadau, leo hakuna ubuyu. Najua mmeingia hapa mkitegemea muendelezo wa ile ya dada wa bongo muvi na yule kaka mwenye maduka. Utakuja, msijali. Ila leo naomba nijiongelee mwenyewe, halafu niongelee mnara wa taa. Najua haviendani. Nivumilieni kidogo.

Huu ukurasa una miaka minne sasa. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa mwaka mzima nabeba mizigo ya wateja mtaa wa Kongo pale Kariakoo, halafu nikaanza huu mchezo kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nimeposti picha mpaka idadi nimeisahau. Harusi za mastaa, besidei zao, magari yao, vichanga vyao, mpaka misiba yao. Katika zote hizo, iliyopigwa na mkono wangu haipo hata moja. Zote nimechota. Nyingine insta, nyingine kwenye status, nyingine nimetumiwa na watu wa karibu na mastaa, ambao wanajijua na mimi nawajua. Sikuwahi kuona tatizo. Mjini hapa kila mtu anachota, na anayechotwa naye kachota kwa mwingine.

Mwezi wa tano ikanijia picha kali. Mwanadada mmoja mkubwa tu, jina siweki, alikuwa kisiwa cha Chumbe kule Zanzibar. Gauni jeupe, upepo unalipeleka gauni upande, nyuma yake mnara wa taa wa kale. Wengi wenu mnaikumbuka, maana mliisambaza nyinyi wenyewe. Nilikuja na kichwa cha habari NANI KAMPELEKA CHUMBE? na kwa siku mbili ukurasa wangu haukulala. Muuza mawigi mmoja wa Kariakoo akanilipa laki nzima kwa tangazo. Laki! Nilimnunulia mama gesi.

Kitu ambacho hamkukiona ni kwamba kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na maandishi madogo, jina la mpiga picha. Nililikata. Sekunde tatu tu, unavuta mstari juu kidogo, imeisha. Nikiulizwa kwa nini, sina jibu la maana. Jina la mtu mwingine lilikuwa linafanya ukurasa wangu uonekane umeiba. Sasa kweli nilikuwa nimeiba, ila nilitaka nisionekane.

Siku ya tatu ikaingia meseji. Kijana wa rika langu. Hakutukana, na hilo ndilo lililoniuma. Aliandika, "Kaka, ile picha mteja nilimpa yenye jina langu, nakala ya majaribio, achague kwanza. Isiyo na jina ninayo mimi peke yangu. Sasa wameona kwako haina jina, wanasema nimekuuzia."

Nilisoma mara tatu ndo nikaelewa. Ile picha nilitumiwa na mtu wa ndani, wa kambi ya mwanadada mwenyewe. Ilikuja na jina. Mimi kwa kulikata nimetengeneza ushahidi wa kumfunga mtu asiyehusika. Alinyimwa nusu ya malipo iliyobaki, na harusi moja aliyokuwa ameshaahidiwa akapewa mtu mwingine.

Niliifuta. Lakini mnajua wenyewe, ukurasa mmoja ukifuta arobaini wanazo. Nikampigia kuomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: "Umeshawahi kupiga picha hata moja ukaingoja?" Nikasema sijawahi. Akasema, "Basi hujui umekata nini," akakata simu.

Nilikaa na hayo maneno wiki mbili. Mwisho nikasema poa, nitapiga. Na nitapiga mnara wa taa.

Wazo la kwanza lilikuwa niende huko huko Chumbe. Nikaulizia. Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na kisiwa chenyewe ni hifadhi, matumbawe yake yanalindwa, wageni wanaopokelewa kwa siku ni wachache. Unavuka kwanza kwa boti ya abiria mpaka Unguja, halafu boti nyingine kutoka Mbweni, na bei ya siku moja inatajwa kwa dola. Nilipopiga hesabu nikaona hiyo ni safari ya mtu anayepelekwa. Mimi hakuna wa kunipeleka. Isitoshe, ningesimama pale pale aliposimama yule kijana, nikapiga kile kile alichopiga. Ningekuwa nachota tena, safari hii kwa kamera.

Na mama naye alikuwa ameshaweka mguu chini. Julai 2012 meli ya Skagit, iliyotoka hapa Dar kwenda Unguja, ilizama karibu na hicho hicho kisiwa cha Chumbe. Mtaani kwetu kulikuwa na msiba wake. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka turubai na kina mama wamekaa chini, basi. Mama anakumbuka zaidi. Nilipotaja Chumbe aliacha kuchambua mchele akaniangalia tu.

Aliyeniokoa ni babu. Anakaa Kigamboni, upande wa Mjimwema. Nilipanda pantoni, shilingi 200 yangu, nikaenda kumjulia hali. Babu alikuwa nahodha wa jahazi enzi zake, anatoka Mafia na nazi, ng'onda na makuti, analeta mjini. Siku hizi ana presha ya macho. Anaona katikati tu, pembeni kote kumekufa, anasema ni kama unachungulia kwenye bomba. Nikimuonyesha kitu kwenye simu anaileta mpaka inagusa pua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na mkono mtupu tena."

Nikamueleza habari za Chumbe, za kamera, na ya yule kijana nikaipitisha haraka haraka kwa aibu. Akasikiliza, akatema mate pembeni.

"Sasa unavuka bahari kufuata taa, na taa unayo hapa nyumbani?"

"Taa gani babu?"

"Makatumbe!"

Wadau, nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, nimepita Ocean Road mara ngapi sijui, usiku na mchana, na nilikuwa sijawahi kuuliza kile kitu kinachomulika kule baharini ni nini. Mkisimama pale ufukweni mkaangalia mashariki, kuna visiwa viwili vidogo. Makatumbe ya ndani na Makatumbe ya nje. Ule mnara uko cha nje. Uliwekwa enzi ya Mjerumani. Walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar mwaka 1891, kwa sababu bandari yetu ndani imetulia kama bwawa. Ila kuingia sasa! Mlango wenyewe mwembamba, na huko nje miamba imejipanga. Bila taa, meli ya usiku inangoja asubuhi au inangoja bahati mbaya. Na hawakuishia Makatumbe. Tanga waliweka kisiwa cha Ulenge, Mafia wakaweka Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, huo ni wa 1892.

Babu anaiongelea Ras Mkumbi kama mtu anavyoongelea jirani wa zamani. Kutoka pale mpaka Makatumbe ni zaidi ya kilomita 100. Anasema akishaiacha ya Mafia mgongoni, hata mabaharia wakiimba yeye moyo haukai, mpaka aone ya Makatumbe mbele. Nikamuuliza alijuaje kwamba taa anayoiona ndiyo yenyewe na sio taa ya meli au ya hoteli. Akanishangaa. Kumbe kila mnara una mmuliko wake. Unawaka kwa hesabu yake, unakaa giza kwa hesabu yake, unarudia hivyo hivyo usiku kucha, na majirani hawapewi hesabu moja. Nahodha anahesabu tu, kimoyomoyo, anajua yuko mlango wa nani. Mchana alikuwa anatumia minara ya makanisa mawili ya mjini, la Kilutheri pale mbele ya bahari na la Mtakatifu Yosefu, maana ndiyo ilikuwa mirefu. Siku hizi, anasema, mmejenga maghorofa mpaka kanisa linaonekana kama kiberiti.

Hapo nikawa nimeshaamua. Makatumbe.

Kamera nilizunguka nayo Kariakoo siku mbili. Muuzaji wa kwanza aliniangalia juu mpaka chini akaniletea ile taa ya duara ya kupigia video, "Kaka, wewe wa tiktok wewe, usipoteze hela." Mwingine alikuwa nayo nzuri, ila nilipomulika lenzi kwa tochi ya simu nikaona utando ndani kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, joto na unyevu wa hapa kwetu unaupenda sana, na ukishaingia ndani ya lenzi umeingia. Mkinunua kamera ya mtumba mulikeni kwa tochi, msiione nje inang'aa mkafurahi. Mwisho nikapata Canon iliyochoka kidogo, na ile lenzi yake ndogo ya 18-55. Pesa ni ile laki ya mawigi na nyingine nilizokuwa nazitunza kwa ajili ya kodi. Mwenye nyumba anasoma humu pia. Shikamoo mama, tarehe mbili nitakuja.

Jioni hiyo hiyo nikakimbilia Ocean Road. Nikakaa kwenye ukuta, nikangoja giza, nikafyatua. Mnara ulitoka kama kijiti cha kiberiti kilichodondoka kwenye maji. Rangi haisomeki, umbo halisomeki. Nikazumu mpaka mwisho, kijiti kikawa kijiti kinene kidogo. Nikasema tatizo lenzi. Nikajikaza, nikamuandikia yule kijana. Ndiyo, huyo huyo. Nikamuuliza, kutoka Ocean Road mpaka Makatumbe, lenzi ya 300 itafaa?

Nilijua hatajibu. Ikapita siku nzima. Usiku likaingia neno moja.

"Sogea."

Nikaenda kupiga hesabu, hesabu niliyofeli shuleni leo inanisaidia. Chukua mnara wa mita 20, uweke kilomita 5 mbele yako. Kwa lenzi ya 300, picha yake ndani ya kamera inakuwa na urefu wa milimita moja na kidogo. Kile kibati cha ndani kinachopokea picha kina kimo cha milimita 15 hivi kwenye kamera kama yangu. Yaani hata ningeuza kitanda nikanunua lenzi kubwa, mnara ungechukua kama sehemu moja ya kumi na mbili ya picha, kilichobaki maji na ukungu wa joto. Ndo maana alisema sogea. Na kusogea kwenye bahari ni boti.

Hapa ndipo safari ilianza kuwa safari.

Kwanza ruhusa. Mnajua sisi tulivyo, unachukua boti unaenda. Lakini Makatumbe zote mbili ziko ndani ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam. Kina Mbudya na Bongoyo walitangazwa tangu 1975, hizi za upande wa kusini, Makatumbe, Sinda na Kendwa, zikaongezwa 2007. Kwa hiyo unaanzia kwa watu wa Hifadhi za Bahari. Nilieleweshwa vizuri, kiingilio unalipa kwa kontrol namba, na kwa kuwa nataka kufika kabla ya jua nikaambiwa niandike barua nieleze naenda kufanya nini na saa ngapi. Mnara nao si mali ya kisiwa, ni chombo cha kuongozea meli, kwa hiyo kuugusa, kuupanda, kufungua mlango, sahau. Picha ya nje inatosha. Mshkaji wangu mmoja alikuja na wazo la droni. Droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, karibu na mlango wa bandari, na pale Kigamboni kuna kambi ya jeshi la majini! Nilimwambia aende yeye, nitamposti akikamatwa. Na wewe unayepanda pantoni na kamera shingoni, ushauri wa bure: iweke begini mpaka uvuke. Bandari na kambi havipigwi picha hovyo.

Barua niliandika mara nne. Kuandika "mimi ni mwandishi wa habari za mastaa" kwenye barua ya serikali ukasoma kwa sauti, unajisikia ovyo. Mwisho nikaandika "mkazi wa Dar es Salaam".

Pili ni maji, na hapa nilikuwa mjinga kabisa. Mpango wangu ulikuwa hivi. Picha ya taa inapendeza jua likishazama, zile dakika ishirini ambazo mbingu bado ina bluu na taa imeshawaka. Ukichelewa kila kitu ni cheusi na taa ni doa jeupe. Nikachagua mwezi kumi na nne, ili tupate mwanga wa kurudia. Nikampelekea babu kwa kujisifu.

"Mwezi kumi na nne," akasema. "Bamvua. Maji yanajaa saa ngapi?"

"Sijui babu."

"Mtoto wa pwani huyu! Bamvua hapa kwetu maji yanajaa saa kumi. Saa kumi jioni, saa kumi alfajiri. Yanakupwa saa nne. Haya, wewe umefika saa kumi jioni, maji yamejaa, boti imekupeleka mpaka mchangani, umefurahi. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu. Unapiga mapicha yako. Unageuka, boti imelala ubavu juu ya mwamba. Utakaa hapo mpaka saa saba usiku, na mbu wa kisiwani hawana adabu."

"Basi twende maji mafu."

"Maji mafu yanajaa saa nne, yanakupwa saa kumi. Jua linazama maji ndo kwanza yanaanza kupanda, tena machache. Boti haifiki. Utatembea juu ya mwamba na hiyo kamera yako kichwani, kila hatua kuna nungu."

Nikamwambia basi nitapiga nikiwa ndani ya boti, nisishuke. Hilo nilijijibu mwenyewe baadaye. Giza likianza kamera inataka muda, sekunde mbili, nne, na zaidi ukitaka kuukamata mmuliko wenyewe ukigeuka. Boti haitulii sekunde nne. Nilijaribu kwenye pantoni, ambayo ni kubwa kama nyumba, taa za Feri zikatoka kama uji uliomwagika. Lazima stendi, na stendi inataka ardhi.

Babu akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu cha kawaida tu:

"Kwani jua huwa linazama tu? Halichomozi?"

Yaani sikuwa nimewaza. Mimi ni mtu wa usiku, kazi yangu iko saa sita usiku kwenye milango ya kumbi. Alfajiri kwangu ni wakati wa kwenda kulala. Lakini hesabu ya babu ilikaa sawa. Kila siku maji yanachelewa, sio saa nzima lakini yanachelewa. Ukiacha mwezi kumi na nne ukaenda mpaka kumi na sita, bado ni maji makubwa, ila yanajaa saa kumi na moja na kitu alfajiri. Mwezi wa kumi na moja jua la Dar linachomoza kabla ya saa kumi na mbili kidogo. Kwa hiyo unatoka Mjimwema saa kumi usiku wa manane huo, unafika maji yakiwa yanamalizia kupanda, unashuka mchangani kama mtu mwenye heshima zake, bluu inaingia, taa bado inawaka, jua linatoka, saa kumi na mbili na nusu umeshaondoka na boti ina maji chini yake.

Na upepo? Mwezi huo ni tangambili, kusi limeisha na kaskazi halijashika, na alfajiri unavuma umande kutoka bara, mwepesi, bahari inalala. Tena kuna zawadi juu yake. Mwezi wa kumi na sita saa hizo bado haujazama, uko magharibi. Nikisimama upande wa pili wa mnara nikageukia mjini, nitapata mnara mbele, na nyuma kabisa maghorofa ya Posta yenye taa zake, na mwezi juu yake. Upande huu jua, upande ule mwezi. Babu alinieleza hiyo picha yote akiwa amefumba macho, mkono unaonyesha hapa na pale. Mimi nilikuwa naandika kwenye simu.

Kuna kijana wa pale Mjimwema mwenye boti ya faiba, mvuvi, anatoka usiku kila siku kwa hiyo saa kumi kwake sio habari. Alianza na laki mbili na nusu. Babu akamuita kwa jina la baba yake, akamuuliza kama yule mzee angekubali. Ikashuka laki na ishirini. Masharti ya mama ni jaketi za kuokolea, na amesema atazihesabu mwenyewe kabla hatujaondoka. Kwa hiyo mama naye analala Kigamboni siku hiyo.

Sasa niwaambie lililobaki, na hili ndilo lililonichukua muda kuliko barua ya Hifadhi.

Ile picha ya Chumbe sikuuziwa na mpiga picha. Hajawahi kunitumia kitu chochote, wala tulikuwa hatujuani. Nilitumiwa na mtu mwingine, ikiwa na jina lake kwenye kona, na jina nililikata mimi kwa kidole changu, usiku, nikiwa kitandani. Waliomnyima pesa yake kwa ajili yangu wanasoma humu, najua, kwa sababu huwa wananipigia nikikosea umri wa bosi wao. Mumlipe. Aliyenitumia simtaji, ila anaelewa kwamba kuanzia leo hatanitumia tena, na mimi naelewa kwamba ubuyu wangu mzuri wote ulikuwa unatoka kwake. Huenda wiki zijazo mkaona ukurasa umepoa. Ndiyo hivyo.

Nilimtumia yule kijana haya maandishi kabla sijaposti, nikamuuliza kama niweke jina lake. Akakataa. Akasema jina lake limeshaongelewa vya kutosha. Halafu, bila salamu, akaniuliza nimepanga kufungua kamera sekunde ngapi. Nikamwambia nne. Akasema nianze na nane, nihesabu kwanza mmuliko mmoja mzima wa taa, nifungue kamera kwa urefu huo huo, usiongeze wala kupunguza. Nikamuuliza kama angependa kuja, nafasi kwenye boti ipo. Amesoma. Tiki mbili za bluu. Mpaka sasa naandika hajajibu.

Babu nimemuahidi nitaiprinti kubwa, ile karatasi ya matangazo ya maduka ya Kariakoo, mita moja kwa mita moja na nusu, aweze kuisogelea na kile kibomba chake apitie kipande kipande. Ameuliza kama itaonyesha taa ikiwa imewaka au imezima. Nimemwambia imewaka. Akasema basi nisimletee iliyozima.

Betri mbili ziko kwenye chaji. Umeme ukikatika nitaenda kuchajia kwa muuza chipsi, nimeshaongea naye. Ikitoka mbovu nitaiposti hivyo hivyo, mcheke. Kwenye kona ya chini kulia kutakuwa na jina langu, dogo tu. Kurasa nyingine mtaichota, nawajua, na nyinyi mnanijua. Nitaangalia ile kona.